Dawa za wazee: bei ni metikali 5, lakini je, dawa zipo?



Katika toleo hili tunazungumzia jambo ambalo wazee waliotoka Pundanhar na vijiji vya jirani hawaachi kulitaja wanapokutana na wahudumu wa afya: dawa zao za kila siku. Hatuzungumzii vidonge vya kichwa wala dawa ya malaria. Tunazungumzia dawa za shinikizo la damu, kisukari, pumu na kifafa, yaani dawa ambazo mtu akishaanza huendelea nazo mwezi baada ya mwezi, na mara nyingi hadi mwisho wa maisha yake.

Kwa muda mrefu mgonjwa wa nje nchini Msumbiji amekuwa akilipa metikali 5 tu kwa cheti cha dawa katika duka la dawa la hospitali ya serikali, hata kama cheti kina dawa tatu. Dawa za VVU, kifua kikuu na malaria hazilipiwi kabisa. Wazee wamo pia miongoni mwa watu wanaosamehewa malipo. Kwa bei hiyo ungetegemea kila mzee mwenye shinikizo la damu awe anameza dawa zake. Sivyo ilivyo. Wapo wanaokatisha dawa baada ya mwezi mmoja, wapo wanaogawa kidonge nusu kwa nusu ili kifike mbali, na wapo ambao tunawaona tena siku wanapoletwa wamepooza upande mmoja. Tukiwauliza, wachache sana hutaja zile metikali 5. Wana sababu nyingine, na sababu zao si za kijinga.

Je, nani analipia dawa hizi?

Tuanze na hapa, kwa sababu watu wengi huchanganya mambo. Msumbiji haina bima ya afya ya taifa ambayo kila mwananchi huchangia na kupewa kadi. Serikali yenyewe ndiyo inayobeba mzigo wa bima. Dawa hununuliwa kwa fedha za kodi na misaada ya wafadhili, kisha hupitia ghala kuu la dawa la taifa, linalojulikana kwa kifupi cha Kireno CMAM, hadi mkoani, wilayani na mwishowe kituo cha afya. Metikali 5 haziwezi kununua dawa hiyo. Ni mchango mdogo tu.

Utaratibu huu una historia, na wazee wetu wanaijua kuliko vijana. Tarehe 24 Julai 1975, mwezi mmoja baada ya uhuru, serikali ya Rais Samora Machel ilitaifisha huduma za afya. Matibabu ya kulipia kwa daktari binafsi yalipigwa marufuku, na mkulima wa Cabo Delgado akaambiwa kwamba hospitali ni yake. Mzee mwenye umri wa miaka 75 leo alikuwa kijana wakati huo. Wengine walibeba mizigo ya wapiganaji msituni baada ya vita vya ukombozi kuanza tarehe 25 Septemba 1964, au walivuka mto Ruvuma na kuishi ukimbizini Tanzania hadi vita vilipokwisha. Kwao dawa ya serikali si sadaka. Wanaiona kama sehemu ya ahadi waliyopewa.

Kisha ukaja mwaka 1987. Nchi ilikuwa katika vita vingine, uchumi ulikuwa umeanguka, na serikali ilikubali masharti ya kurekebisha uchumi. Mwaka huohuo ilipitishwa sheria iliyomtaka mgonjwa achangie gharama za matibabu na dawa, huku makundi fulani yakisamehewa. Mwaka 2014 ikapitishwa Sheria namba 3/2014 ya kukuza na kulinda haki za wazee. Wapiganaji wa zamani wana sheria yao, namba 16/2011, yenye haki za matibabu. Wafanyakazi wa serikali nao hukatwa sehemu ya mshahara kwa ajili ya matibabu na dawa.

Matokeo yake ni kwamba wazee watatu wanaokaa chini ya mwembe mmoja wanaweza kuwa na hali tatu tofauti. Mmoja ana kadi ya mpiganaji. Wa pili ni mwalimu mstaafu. Wa tatu ni mkulima na mvuvi wa mtoni, hana kadi yoyote zaidi ya umri wake. Huyu wa tatu ndiye mwenye kinyongo zaidi, na ndiye hasa tunayemwandikia makala haya.

Karatasi zimebaki nyumbani

Umri ni haki inayohitaji kuthibitishwa. Mashambulizi yalianza Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017 na kuenea wilaya baada ya wilaya. Baada ya Mocímboa da Praia kutekwa Agosti 2020, njia ya kutoka Palma kupitia Pundanhar kwenda Nangade na Mueda ikawa ndiyo njia ya kukimbilia kwa nchi kavu, nayo haikuwa salama. Mji wa Palma uliposhambuliwa tarehe 24 Machi 2021, watu walipita porini siku nyingi kwa miguu. Katika safari ya namna hiyo mtu hubeba mtoto, sufuria na kanga. Habebi daftari la kliniki.

Kwa hiyo mzee anafika kituo kipya akiwa hana kitambulisho, hana kadi ya hospitali na hajui jina la kidonge alichokuwa akimeza. Anachojua ni kwamba kilikuwa cheupe na kidogo. Muuguzi hana namna ya kujua kama alikuwa anatumia enalapril au amlodipine, kwa hiyo anampima upya na kuanza mwanzo. Mzee anaona kama anashukiwa uongo.

Mwenye hali hii asikae nyumbani kwa kuona aibu. Kutokuwa na kitambulisho hakumwondolei mtu haki ya kutibiwa. Barua ya kiongozi wa mtaa au wa kijiji inayomtambulisha mzee na umri wake husaidia mara nyingi, na kadi ya kupigia kura pia, ambayo wazee wengi walikuwa nayo hata kabla ya kuwa na kitambulisho cha taifa. Katika Cabo Delgado, UNHCR na Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Msumbiji wamekuwa wakiwasaidia waliohama makwao kupata hati upya. Ulizia kwa viongozi wa eneo lako kama kuna siku ya kuandikisha hati, na mpeleke mzee mapema, kwani foleni hizo huwa ndefu.

Jambo la pembeni kidogo: hati hizo hazina faida hospitalini tu. Mpango wa ruzuku ya msingi unaosimamiwa na taasisi ya ustawi wa jamii, INAS, huwachukua wanawake kuanzia miaka 55 na wanaume kuanzia miaka 60 walio katika hali duni. Mzee asiye na hati hukosa vyote viwili kwa pamoja.

Wazee wanasema nini kuhusu dawa ya bei rahisi?

Lalamiko la kwanza ni kwamba dawa hazipo. Mzee anatoka asubuhi na mjukuu wake, analipa pikipiki kwa nauli inayozidi metikali 5 mara nyingi, anakaa foleni hadi saa sita, anapimwa, anaandikiwa, anafika dirisha la dawa na kuambiwa zimeisha, arudi wiki ijayo au akanunue duka la binafsi. Hapo ndipo msaada wote wa serikali unapomalizika kwake. Duka la binafsi halijui sheria ya mwaka 2014. Bei yake ni bei ya soko, na katika vijiji vingi vya kaskazini duka lenyewe halipo.

Mzee huyu akirudi nyumbani mikono mitupu mara mbili, mara ya tatu haji. Sisi kwenye rejesta zetu tunaandika "ameacha dawa". Ukweli ni kwamba dawa ndiyo iliyomwacha yeye.

Kwa nini dawa za shinikizo la damu huisha au hazifiki, wakati dawa za malaria zipo? Hapa kuna jambo ambalo wagonjwa wengi hawajaelezwa. Vituo vidogo na wahudumu wa jamii nchini Msumbiji hupata sehemu kubwa ya dawa zao katika makasha yaliyofungwa tayari. Kasha hilo limepangwa kwa ajili ya maradhi yanayoua watoto na mama wajawazito kwa wingi: malaria, kuhara, kichomi. Mhudumu wa jamii, yule anayeitwa APE, hakuandaliwa kutibu kisukari. Dawa nyingi za maradhi ya kudumu hupita njia nyingine: kituo huagiza kulingana na matumizi yake. Sasa fikiria kituo kilichofungwa kwa sababu ya vita, kisha kikafunguliwa tena. Hakina kumbukumbu za matumizi, kwa hiyo kinaagiza kidogo, na kidogo hicho kinaisha haraka. Wagonjwa wakikata tamaa na kuacha kuja, matumizi yaliyoandikwa yanazidi kushuka, na oda inayofuata inakuwa ndogo zaidi.

Makasha ya dharura ya mashirika ya misaada nayo yana mipaka. Kasha kubwa la dharura linalotumika duniani limepimwa kwa watu 10,000 kwa miezi 3. Lilibuniwa kwa ajili ya wiki za kwanza za maafa, na mzee mwenye kisukari huhitaji dawa hata baada ya miezi 3 kupita. Kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitengeneza kasha jingine maalumu la maradhi yasiyoambukiza, ambalo lilianza kupelekwa kwenye maeneo ya dharura katika miaka ya 2016 na 2017. Ni hatua nzuri, lakini kasha haliwezi kuchukua nafasi ya ghala la wilaya linalofanya kazi. Tena tangu mwaka 2025, Marekani ilipolifunga shirika lake la misaada USAID, fedha za kununua na kusafirisha dawa zimepungua katika nchi nyingi za Afrika, Msumbiji ikiwemo.

Lalamiko la pili ni la kutoiamini dawa yenyewe. Mwezi huu kidonge ni cheupe katika pakiti ya bluu, mwezi ujao ni cha njano katika pakiti nyekundu. Mzee anaona anapewa mabaki, au dawa dhaifu ya maskini. Ndugu zetu, rangi ya kidonge si dawa. Dawa ileile hutengenezwa na viwanda vingi, kila kiwanda na rangi yake, na serikali hununua kwa anayeuza nafuu baada ya ubora kukaguliwa. Cha kuangalia ni jina la dawa na kiasi kilichoandikwa kwa miligramu. Mwombe muuguzi au mjukuu anayejua kusoma akuonyeshe jina hilo, na kama limebadilika, uliza sababu. Mzee kuuliza dirishani si utovu wa adabu.

La tatu ni aibu. Neno lenyewe tunalotumia, "msamaha", linamfanya mzee aonekane kana kwamba amekosa jambo na anaombewa. Wapo wazee wa kiume ambao wako tayari kutoa metikali 5 za mwisho kuliko kusimama mbele ya vijana na kusema hawana. Bibi naye huzitoa zile sarafu kwenye pindo la kanga bila kusema neno, kisha anarudi nyumbani kwa miguu. Kwa maoni yetu mzigo huu uwe wa mhudumu, usiwe wa mgonjwa. Mhudumu akiona mvi na mkongojo amwamkie mzee, amwulize umri na amwandike kuwa amesamehewa, bila kungoja aombe.

Ng'ambo ya mto wana kadi

Wazee wengi wa Pundanhar wana ndugu Mtwara, Newala na Tandahimba, nao huwasikia wakizungumzia bima. Swali linakuja: je, kadi ingetufaa na sisi?

Tanzania ilianza Mfuko wa Afya ya Jamii, CHF, kwa majaribio wilayani Igunga mwaka 1996, na sheria yake ikapitishwa mwaka 2001. Kaya ilichangia kiasi kidogo kwa mwaka, na serikali ikaongeza kiasi kinacholingana nacho. Mpango huo wa kuongezea uliitwa "tele kwa tele". Mwaka 2018 mfuko uliboreshwa: kaya ya watu sita katika mikoa mingi ilichangia shilingi 30,000 kwa mwaka, na kadi ikaweza kutumika kuanzia zahanati hadi hospitali ya rufaa ya mkoa. Kwa upande wa wazee, Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilitambua kwamba mtu wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo anastahili kutibiwa bila malipo, na hospitali nyingi zikaweka dirisha la wazee. Novemba 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote.

Kwenye karatasi mpango huo unapendeza. Lakini ukiwasikiliza wazee wa upande ule, utasikia mambo yanayofanana sana na ya upande huu. Dirisha la wazee lipo, dawa hakuna. Kadi ni ya kaya, na mzee anayeishi peke yake au na wajukuu wawili haoni kwa nini achangie kama kaya ya watu sita. Wengine husema wamelipia kadi mwaka mzima na bado wameandikiwa dawa za kununua nje. Mtu aliyelipa kabla ya kuugua hukasirika zaidi kuliko aliyetibiwa bure, na ana haki, kwa kuwa alitoa fedha yake ya korosho mapema akiamini atakuta dawa.

Wala haya si mambo ya nchi maskini peke yake. Marekani ilianzisha bima ya dawa yenye ruzuku ya serikali kwa wazee mnamo Januari 2006. Wazee walitakiwa kuchagua mpango mmoja kati ya mipango mingi ya kampuni binafsi, kila mmoja na orodha yake ya dawa, na mzee aliyefikia kiasi fulani cha matumizi alijikuta katika pengo ambalo alilipa gharama zote mwenyewe hadi afike upande wa pili. Lilichukua miaka mingi kuzibwa, na mwaka 2025 kiliwekwa kikomo cha dola 2,000 kwa mwaka kwa fedha anazotoa mgonjwa. Kelele zao zilihusu mipango isiyoeleweka na dawa isiyokuwemo kwenye orodha. Zetu zinahusu rafu tupu. Lakini mzee wa huko na wa huku wanadai kitu kimoja: kujua kwa hakika kwamba dawa ya mwezi ujao itapatikana, na kwa kiasi gani.

Kwa hiyo tukiulizwa kama kadi ya bima ingewafaa wazee wa Pundanhar, jibu letu ni kwamba kadi haijazi stoo. Kwanza dawa ziwepo. Tukiwa na dawa stoo, ndipo tujadiliane kuhusu kadi, kodi au metikali 5.

Tahadhari kwa wanaovuka mto kutafuta dawa: msamaha wa wazee wa Tanzania na kadi za kaya vimewekwa kwa ajili ya wakazi wa huko. Mgeni hutarajiwa kulipa. Ukivuka, beba fedha na pakiti yako ya zamani, na usiache kliniki yako ya huku.

Kwa nini mzee akatishe dawa aliyokwishaipata?

Hapa tunazungumza na wazee wenyewe na wanaowatunza, kwani mara nyingine dawa ipo ndani ya nyumba na haimezwi.

Shinikizo la damu haliumi. Mtu akijisikia vizuri huona amepona na kuwawekea vidonge "siku ya kuumwa". Shinikizo huendelea kupanda kimyakimya hadi mshipa wa ubongo upasuke au uzibe. Dalili za kiharusi ni mdomo kupinda, mkono au mguu kulegea ghafla, na maneno kutotoka sawasawa. Ukiziona hizo, usingoje kukuche. Mpeleke mgonjwa hospitali saa hiyohiyo, na usimlazimishe kunywa kitu, anaweza kupaliwa.

Dawa ya hydrochlorothiazide huongeza mkojo. Hii ni sababu kubwa ya wazee, hasa akina mama, kuiacha wakiwa kambini: choo kiko mbali, usiku kuna giza, na watu wanaogopa. Imeze asubuhi, si jioni, ili safari za chooni ziwe za mchana. Enalapril huwaletea watu wengine kikohozi kikavu kisichoisha. Amlodipine inaweza kuvimbisha miguu. Ukipata hayo usitupe dawa, mwambie muuguzi, kwani ipo ya kubadilishia.

Mwenye kisukari anayetumia glibenclamide awe mwangalifu zaidi wakati chakula ni haba. Dawa hii hushusha sukari hata kama hujala. Kuimeza na kulala njaa kunaweza kuleta jasho, kutetemeka, kuchanganyikiwa na hata kuzimia. Mgao wa chakula ukichelewa, nenda kliniki uulize la kufanya kabla hali haijawa mbaya. Dalili zikianza, mpe mgonjwa aliye na fahamu maji ya sukari mara moja, kisha mpeleke kituoni.

Na vidonge haviazimwi. Tunajua jirani akikwama ni vigumu kumnyima, ndivyo tulivyolelewa. Lakini dawa inayomfaa mwenye shinikizo inaweza kumdhuru mwenye figo mbovu, na wewe uliyegawa utaishiwa kabla ya tarehe yako. Mpeleke jirani kliniki badala yake. Dawa zinazouzwa mkononi sokoni, zimetolewa kwenye pakiti na kuanikwa juani, usizinunue hata kama muuzaji ni ndugu.

Ombi letu kuhusu dawa za miezi mitatu

Nchini Msumbiji mgonjwa wa VVU aliye katika hali nzuri anaweza kupewa dawa za miezi 3 kwa mara moja. Utaratibu huo ulipanuka sana mwaka 2020 wakati wa korona, ili watu wasijazane hospitalini. Umewapunguzia wagonjwa safari na umepunguza foleni.

Mzee mwenye shinikizo la damu anayeishi nyumba ya pili huona jirani yake akitoka na dawa za miezi 3, naye anapewa za siku 30, mara nyingine za siku 15. Anauliza, je, maradhi yangu ni madogo? Hatuna jibu la kumridhisha. Sababu ni kwamba dawa za VVU zimepata fedha nyingi za kimataifa kwa zaidi ya miaka 20, na dawa za shinikizo hazikupata. Hilo linaeleza hali ilivyo, lakini si sababu ya kuiacha iendelee. Vidonge vya shinikizo ni miongoni mwa dawa za bei ndogo kabisa zinazonunuliwa kwa jumla. Kinachokosekana ni kuhesabu wagonjwa na kuagiza kwa idadi hiyo.

Ndiyo maana tunawaomba wahudumu wote wa jamii waorodheshe wazee wanaotumia dawa za kudumu katika maeneo yao, pamoja na jina la dawa, kiasi na tarehe ya kuisha, hata wale walioacha kuja. Orodha hiyo ndiyo itakayopelekwa wilayani kama msingi wa oda. Mzee ambaye jina lake halimo hahesabiwi, na dawa yake haiagizwi.

Mzee anayekuja kliniki aje na pakiti tupu za dawa zake zote, pamoja na zile za mitishamba anazotumia. Hatutamgombeza kwa ajili ya hizo, tunataka tu kujua. Anayetoka mbali aseme anatoka wapi na ametumia nauli kiasi gani, na aombe apewe dawa za miezi miwili au zaidi kama zipo stoo. Akiambiwa zimeisha, aombe iandikwe kwenye daftari lake: tarehe, jina la dawa na neno "haipo". Wahudumu wasikatae kuandika hivyo. Kukiwa na madaftari 20 yenye neno hilo, tunaweza kwenda nayo wilayani na kuzungumza.